Tope kwa Ajili ya Ishaq

Bi Nabiha ni msafi kupita kiasi, na nasema hivyo kama mtu aliyewahi kupanguswa kiatu kikiwa bado mguuni. Mimi ni mpangaji wake. Nyumba yake iko Kibokoni, ya mawe, ya ghorofa moja. Yeye anakaa chini, mimi juu, na katikati kuna ua wenye kisima. Asubuhi, kabla jua halijaingia uani, huwa amekwisha kufagia, kumwaga maji, kusugua na kumwaga tena. Siku za kwanza nilidhani ana ugonjwa. Baadaye nikaanza kujishuku mimi mwenyewe, nikawa napanda ngazi kwa ncha za vidole.

Jina langu ni Jael, Mmaragoli. Kazi yangu iko Kilindini, katika maabara ndogo inayopima maji ya kunywa ya melini, na hulka yangu si nzuri. Sina subira. Foleni ikisimama nakunja uso. Mtu akiniambia ngoja kidogo, namuuliza kidogo ni kiasi gani. Nayataja haya mapema ili msije mkashangaa mbele.

Juu ya kisima palitundikwa ubao wa mvule wenye maneno ya kuchongwa: Sadaka ya Ishaq. Ishaq alikuwa mumewe. Alifariki kabla sijahamia pale, lakini ni kama nilimjua, kwa sababu Bi Nabiha humtaja kama mtu aliyetoka kwenda dukani. Hawakujaaliwa mtoto wa kumwombea baba yake. Basi mjane akakitoa kisima kiwe sadaka ya mumewe: mlango wa uani ukifunguliwa asubuhi, mtaa mzima huingia kuteka na hakuna anayeulizwa. Alinieleza kwamba kila anayetawadha kwa maji yale, kila anayefua nguo za mtoto, thawabu zake zamfikia Ishaq kaburini, na zitaendelea kumfikia maadamu watu wananufaika.

"Mimi ntakufa, mwanangu," aliniambia, "lakini kisima hakifi."

Mimi nimelelewa katika kanisa la Marafiki, na mambo ya thawabu kaburini sikufundishwa. Lakini nilipomwona anavyoipangusa ile kamba ya ndoo kwa kitambaa, sikuwa na la kubisha.

Aliyekitumia kisima kuliko wote ni Nyevu. Nyevu ni Mgiriama wa Kaloleni. Yeye na mumewe Charo, ambaye ni fundi mwashi, wamepanga chumba cha nyuma ambacho mlango wake unatazama ua. Nyevu hukaanga mahamri barazani na kupika mbaazi za nazi ambazo watu wa Kibokoni huzifuata kama dawa. Mifereji ya Mombasa hukaa kavu kuliko inavyotoa maji, kwa hiyo unga ulikandwa kwa maji ya kisima na mbaazi zikachemshwa kwa maji ya kisima. Na binti yao Joy, ambaye hata umri wa chekechea hajafika, aliyanywa papo hapo kutoka kwenye ndoo, kichwa kimezama ndani, miguu nje.

Joy akaanza kulia tumbo. Kisha akakataa chakula. Kisha yale maneno machache aliyokuwa ameyapata yakaanza kupungua. Alikuwa akisema maji, akaacha. Alikuwa akiniita Jaeli, akaacha. Hilo la maneno ndilo lililomtia Nyevu hofu. Hospitali wakamtibu minyoo, wakamtibu malaria ambayo hakuwa nayo, mpaka daktari mmoja akapeleka damu yake kupimwa kwa undani. Majibu yalipotoka Nyevu alipanda hadi mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada Jael," akasema, "wewe umesoma mambo haya. Wanasema mtoto ana risasi ndani ya damu. Imeingiaje, na hakuna aliyempiga?"

Nilimweleza kwamba risasi ni madini, kwamba bunduki imeazima jina tu, na kwamba mtoto huipata kwa kula au kunywa. Tulitazama chini sote wawili, kule kwenye ndoo.

Niliyapeleka maji yale kazini. Yalikuwa maangavu. Hayakuwa na harufu wala rangi, na chumvi yake ilikuwa ile ile ya visima vyote vya kisiwani. Mashine ikasema yana risasi ya kutisha. Nikarudia kupima, nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Jioni ile niliitazama ndoo kama sijawahi kuiona. Ukingoni mwake palifungwa chubwi, lile donge la risasi ambalo wavuvi hulitia kwenye nyavu ili zizame. Ishaq alilifunga pale ili ndoo ikifika majini ipinduke yenyewe na kujaa. Kazi yake ilikuwa hiyo, kutengeneza machubwi, na wavuvi wa Mji wa Kale walimjua kwa hayo. Nililikata lile chubwi kwa kisu cha jikoni nikaona nimemaliza kazi. Nilipima tena baadaye, na maji yalikuwa vile vile.

Ilibidi niseme kwa wanaohusika. Afisa wa afya aliyekuja aliitwa Oliver, mtu mpole, mwenye sauti iliyozoea kutoa habari mbaya. Alikitazama kisima, akayatazama matokeo yangu, akasema kitafunikwa kwa zege. Bi Nabiha alikuwa amemletea sharubati. Sinia ikabaki mikononi.

"Zege la kufungulika?" akauliza.

"La kudumu, mama."

"Na Ishaq?"

Oliver akanigeukia mimi, akidhani kuna mtu mwingine wa nyumba hajaarifiwa.

"Yuko kaburini, baba," Bi Nabiha akamwambia. "Na hana kitu chingine duniani ila hiki."

Nilijikuta nikimwomba Oliver muda kabla sijajua nitaufanyia nini. Alinifikiria kidogo. Akasema kisima kifungwe kwa kufuli, uchafu utafutwe ulipo na uondolewe, na yeye atarudi mwishoni mwa Shaabani, kabla ya mfungo, achote maji mwenyewe. Yakiwa bado mabaya, zege.

Uchafu tuliutafuta mimi na Charo, siku ambayo Bi Nabiha alikuwa amekwenda Jomvu kwa jamaa zake. Charo aling'oa mawe ya sakafu kando ya karo, pale pa kufulia panapopakana na kisima. Chini yake udongo ulikuwa wa kijivu na mzito ajabu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya maganda ya betri za magari, na mabonge ya majivu yaliyogandamana na madini. Hakukuwa na haja ya mashine. Ishaq alikuwa akikusanya betri kuukuu, akizipasua pale uani, akimwaga tindikali, akiyeyusha risasi juu ya kuni na kuimimina kwenye kalibu zake za machubwi. Na mabaki yote yalikuwa yakishuka polepole kwenye mwamba, kwenda majini.

Charo aliketi juu ya rundo la mawe, sururu miguuni.

"Mwenyewe," akasema. "Mwenye sadaka."

Nilianza kuokota maganda ya betri.

"Mwanangu anasahau maneno, dada. Nikimwambia mama huyu, nitamwambia vibaya. Afadhali ninyamaze." Akainuka, akaanza kujaza magunia. "Na Nyevu asijue pia. Wanaonana kutwa nzima."

Magunia yalichukuliwa na watu wa Oliver. Bi Nabiha aliporudi tulimwambia tumefukua takataka za zamani. Hakuuliza ni za nani. Nililiona hilo nikalipita, maana lilinifaa.

Udongo uliondoka, lakini maji yaliyokwisha kuingiwa na risasi yalibaki mle chini. Sasa, kuna namna ya kusafisha maji ambayo niliisoma chuoni na sikuipenda, kwa sababu haimpi mtu kazi ya kufanya. Hutumiwa kwenye machimbo yaliyofungwa, ambako maji hutoka ardhini na risasi, na zinki, na pengine urani na madini mengine yenye mnururisho, mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna mtu wa kukaa pale milele akiendesha mitambo. Basi maji hupitishwa taratibu ndani ya vitu vilivyooza na mawe ya chokaa. Humo kwenye uozo, pasipofika hewa, huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinajilisha kwa uozo, na kutoka kwenye chumvi za majini vinatengeneza gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi ile ikikutana na risasi hushikana nayo ikawa unga mweusi, na unga huo hubaki topeni. Maji hutoka upande wa pili yameiacha. Hakuna umeme, hakuna pampu, hakuna dawa. Ukishapanga, kazi yako ni kuacha.

Charo alinijengea jukwaa na kupanga mapipa kwa ngazi, ili maji ya kisima tukiyamimina la juu yatiririke yenyewe hadi la chini. La juu lilikuwa la uozo, la kati la kokoto za matumbawe na makombe ya pwani, la chini la mchanga na matete. Sote tulikubaliana kwamba hata yakisafika yatakuwa ya kutawadhia na kufulia, ya kunywa hapana. Bi Nabiha akasema kwa Ishaq hayo yatosha.

"Na huo uozo wenyewe ni nini?" akaniuliza.

"Mbolea. Samadi ya ng'ombe."

Alinitazama kwa adabu, akitumai nimekosea neno.

"Mwanangu, hiyo ni najisi," akasema hatimaye. "Maji yatatoka hayana risasi, na hayana twahara. Mtu atatawadha nini?"

Nilimwambia kwamba risasi ndiyo najisi ya kweli, kwamba samadi haijamsahaulisha mtoto yeyote maneno. Nilisema mengi, na mengine kwa sauti ya juu. Yeye hakupandisha sauti.

"Risasi waijua wewe," akasema. "Najisi naijua mimi. Hakuna anayemfundisha mwenziwe hapa."

Nilipanda juu nimenuna. Nilinuna siku kadhaa, na ninapomnunia mtu hata viatu vyangu vinajua. Ndipo asubuhi moja akaniita kutoka chini ya ngazi.

"Wataka kitu kilichooza?"

"Ndiyo."

"Cheusi, chenye kunuka, kilichofukiwa pasipo hewa?"

"Ndiyo, Bi Nabiha."

"Basi vaa viatu vibovu twende Jomvu."

Kule Jomvu, mahali maji ya bahari yanapoingia na kutoka kati ya mikoko, mama yake na shangazi zake walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye tope jeusi. Yakikaa humo miezi hulainika, nao huyafukua, huyaponda na kusokota kamba. Kazi hiyo imekufa, lakini mashimo mengine yalisahauliwa na makumbi ndani. Charo alipochimba, harufu ilitupiga sote tukageuza nyuso. Yai viza. Nilitaka kulikumbatia lile tope.

Bi Nabiha alisimama pembeni, pindo la buibui mkononi, pua kaibana kwa leso.

"Hili lina ruhusa," akasema ndani ya leso. "Maji yakibadilika kwa tope la mahali yalipolala, twahara yake iko pale pale. Ni ardhi tu hiyo."

Mimi niliyesoma habari za vijidudu sikuwa nimeyafikiria makumbi, na yeye aliyeyafikiria hakujua kwa nini yangefaa. Tulirudi Kibokoni na magunia yanayovuja, tukicheka kwa aibu mbele ya watu.

Kwa muda hakukutokea kitu. Nilishuka kila asubuhi kufunua pipa, nikarudi juu nikisonya. Kisha, siku moja, nyumba ikanuka. Harufu ilipanda ngazi, ikaingia kwenye nguo zangu, ikatoka hadi njiani. Majirani wakaanza kuuliza kwa utani kumekufa nini kwa Nabiha. Ninyi hamumjui, huyu ni mtu wa udi na asumini, mtu ambaye watu huvua viatu mlangoni kwake kabla hajasema. Utani ule ulimchoma, naye alivumilia. Alifukiza udi mpaka macho yakamtoka machozi, na pipa hakuligusa. Nami nikipima, risasi ilikuwa ikishuka. Joy alikuwa akipata dawa hospitali, na damu yake nayo ilikuwa ikishuka, ingawa maneno hayakuwa yamerudi.

Wakati huo kaka yangu Barnabas alikuwa anaoa, na nililazimika kwenda nyumbani. Maji yalikuwa yamebakiza hatua ndogo tu. Nilimshika Bi Nabiha mikono yote miwili.

"Usiguse kitu. Hata ukiona kimekuwa kibaya namna gani. Kikiwa kibaya ndivyo kinavyotakiwa kuwa."

"Sigusi, mwanangu. Nenda ukacheze harusi."

Nilirudi mwishoni mwa Shaabani. Basi lilitushusha Mwembe Tayari asubuhi, nikakata kupitia Biashara Street, ambako wanawake walikuwa wamejaa madukani wakichagua leso na mapazia ya mwezi mtukufu, na nilikuwa na furaha. Nilifika mlangoni nikasimama. Nilijua kabla sijaingia, kwa sababu hakukuwa na harufu.

Ua uling'aa. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa upya. Mapipa yalisuguliwa mpaka maandishi ya kiwandani yakafutika, na la juu lilijaa makumbi meupe, yaliyooshwa nyuzi kwa nyuzi, yamepangwa kwa uzuri. Hewa ilinukia klorini na asumini. Bi Nabiha alikuwa katikati ya ua, leso mpya kiunoni, uso umechoka na una raha. Nyevu alikuwa mlangoni kwake, amempakata Joy.

"Karibu, mwanangu. Oliver yuaja kesho," Bi Nabiha akasema. "Nimekutengezea mambo. Wanawake wa mtaa wote wamenisaidia. Tope tumelitupa, mapipa na makumbi tumeyatia klorini yakatakata. Mwezi waingia, mgeni hakaribishwi kwa uvundo, na jina la Ishaq liko pale juu."

Kila mwaka, kabla ya mfungo, nyumba za Mji wa Kale husafishwa hivyo, hadi chungu cha mwisho. Nililijua hilo. Nilikaa naye Shaabani zilizopita nikamwona akifua hata mapazia yaliyo safi. Na bado nilimwachia pipa la uvundo, mwezi huo, na afisa akitarajiwa. Lakini hayo nimeyafikiria baadaye. Pale pale nilitupa begi chini.

"Umeua," nikamwambia. "Kila kilichokuwa hai mle ndani umekiua."

"Nimesafisha."

"Umesafisha. Bi Nabiha, kisima hiki kilitiwa sumu na mumeo. Ni betri zake na tindikali yake, tumezifukua hapo hapo uliposimama. Mimi na Charo tumekuficha siku zote hizi, tukihangaika kuiokoa sadaka yake, nawe umetumalizia kwa klorini."

Nyevu alitoa sauti ndogo. Aliingia ndani na mtoto, mlango ukafungwa.

Bi Nabiha aliketi kwenye ukingo wa kisima, taratibu, akishika jiwe kwanza. Nilingoja alie au anifukuze. Aliitazama ile sehemu ya karo ambapo mawe ya Charo yalikuwa bado na rangi tofauti.

"Alikuwa akiyeyushia pale," akasema. "Jioni akimaliza, hubaki majivu. Mimi siwezi kulala na majivu uani, wanijua. Nalikuwa nikiyafagia, nikiyamwagia maji, yaende na karo. Kila jioni. Yeye akiniambia, Nabiha, pumzika, nami simsikii." Akaniinulia uso. "Karo hii yaishia wapi, Jael? Wewe mato yako yameona tini ya mawe."

Niliona. Chini ya mawe, maji ya karo yaliishia kwenye ufa wa mwamba, kando ya kisima. Sikuweza kulitamka, na kutotamka kwangu kulimtosha.

"Basi si yeye peke yake," akasema.

Niliumia. Nilitaka kumeza kila neno nililolitoa, na niliketi karibu naye nikamshika mkono, naye akauacha mkono wake kwangu kama kitu alichosahau kukichukua.

Asubuhi ya pili yake Nyevu hakukaanga mahamri. Watu walifika barazani wakaondoka. Hapa kuna desturi kwamba Ramadhani ikikaribia watu huombana msamaha. Wengi huombana kwa mdomo, njiani, huku wanatembea. Bi Nabiha alivaa buibui lake la kutokea, akajitanda vizuri kama mtu anayekwenda mji mwingine, akavuka ua hadi mlango wa nyuma.

"Hodi," akasema.

Charo alifungua. Alimkaribisha ndani, lakini hakuingia. Aliketi chini, kwenye kizingiti.

"Nimekuja na makosa ya Ishaq," akasema, "na ya ufagio wangu. Yeye hawezi kuja. Mtoto huyu hakutukosea kitu, na sisi tumemuumiza. Sikuja kujitetea."

Charo aliangalia pembeni, taya zinamcheza. Nyevu alitokea nyuma yake, macho yamevimba.

"Bi mkubwa," akasema, "siwezi kukuambia nimesamehe. Nikisema leo nitakuwa nakudanganya."

"Usiseme, mwanangu."

"Umenilea hapa kama mama."

"Usiseme."

Hakuna aliyeondoka. Mimi nilikuwa ngazini, nimeshika ukuta. Ndipo Joy akapenya kati ya miguu ya mama yake, akamwona Bi Nabiha amekaa chini, akampanda mapajani kama alivyozoea na kuanza kuvuta asumini zilizomchungulia shingoni. Nyevu akanyoosha mkono amtoe. Mkono ukasimama njiani, kisha akaurudisha.

"Mshikie kidogo," akasema. "Nina unga wa kukanda."

Oliver alikuja baadaye asubuhi hiyo na chupa zake. Majirani walikuwa wamekusanyika kuona, wakisifu weupe wa ua. Alipoinama kuchota kwenye pipa la chini, Bi Nabiha akamzuia.

"Usijisumbue, baba. Ni mabaya." Akamweleza yote pale pale: betri, majivu, ufagio, klorini. Hakushusha sauti kwenye jina la mumewe, ingawa wote waliomheshimu marehemu walikuwa wakisikiliza. Mwisho akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo wa kufuli la kisima akamtia mkononi. "Shika wewe. Sitaki kisima kifunguliwe kwa maneno yangu. Nakuomba nianze tena tu. Na pipa lile mlifunike, ufunguo wakwe nao nisipewe mimi."

Oliver aliugeuza ufunguo mara kadhaa. Akanigeukia.

"Itachukua muda gani?"

"Ngoja kidogo," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua kidogo ni kiasi gani.

Aliondoka bila kutaja zege.

Ramadhani iliingia. Bi Nabiha alikwenda Jomvu akiwa amefunga, na safari hii hakusimama pembeni. Alipandisha nguo, akaingia topeni hadi magotini, akayafukua makumbi kwa mikono yake huku Charo akimsihi atoke. Ubao wa mvule aliuteremsha akauweka chumbani, akasema utarudi maji yakirudi. Oliver akatufungulia kisima tukachota, kikafungwa tena, pipa likajazwa, likafunikwa kwa kufuli, na ufunguo wake nikakaa nao mimi.

Mwezi ukapita na hakukuwa na harufu. Aliacha kufukiza udi uani, aliacha hata asumini, asije akaikosa. Akimaliza kufagia upande wake huketi karibu na pipa, mikono mapajani, ananusa. Nilimwambia klorini huenda imeacha athari, asikate tamaa. Aliniambia hajakata, niende kazini. Idi ikaja na Nyevu akapeleka sahani ya mahamri mlangoni kwake, kama miaka yote. Hawakuzungumza mengi. Lakini kila asubuhi, wakati wa kukanda, Joy alikuwa akiachwa mapajani kwa Bi Nabiha.

Asubuhi moja baada ya Idi nilikuwa napiga mswaki niliposikia naitwa.

"Jael. Shuka, mwanangu."

Nilishuka na povu mdomoni. Bi Nabiha alikuwa amesimama kando ya pipa, Joy kiunoni, uso umemkauka kwa woga.

"Nusa," akasema. "Mimi sijiamini. Nimetaka sana, pua huenda yanidanganya."

Niliinama kwenye ukingo wa kifuniko. Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo, chafu na tamu kuliko asumini zote za Kibokoni.

"Inanuka, Bi Nabiha."

"Wallahi?"

"Inanuka vibaya sana."

Aliufunika uso kwa pindo la leso, na mabega yakaanza kumtikisika. Harufu ikamfikia Joy. Alikunja uso, akaziba pua kwa kiganja chake kidogo.

"Kwanuka," akasema.

Bi Nabiha akafunua uso. Nyevu alikuwa mlangoni kwake, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Aliukanyaga ufagio uliolala njiani bila kuuona, akaja hadi tulipo, akasimama mbele ya mtoto na yule mzee aliyembeba.

"Sema tena, mama," akamwambia binti yake.

Naye akasema tena.